Picha Zilizoharibika Vizuri

Tulimzika Mama Studio huko Adungosi wiki iliyopita, na picha waliyoiweka juu ya jeneza lake haikuwa yake. Ilikuwa yake, lakini haikuwa yake. Wajukuu waliitoa kwenye simu, wakaipeleka kwa kijana fulani pale Busia mjini anayesafisha picha za marehemu, naye akaisafisha mpaka akamfuta mwenye picha. Alimvalisha suti ya buluu ambayo maskini hakuwahi kuivaa. Alimlainisha mashavu. Na lile jicho la kushoto, lililosinyaa kwa miaka yote aliyokuwa akilifumba ili la kulia lichungulie kwenye kamera, akalifungua likalingana na mwenzake. Watu walipita wakisifu kwamba ametoka kama msichana. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa kuaga na hasira yangu tumboni, nisijue nimmwagie nani, maana huwezi kugombana na watu matangani kwa sababu ya jicho. Nilipofika mbele sikuitazama ile picha. Nilimtazama mwenyewe ndani ya jeneza, nikaona kope ya kushoto bado ina mikunjo yake yote, nikalia mpaka binti yake akaja kunishika mkono na kunikalisha.

Nilifanya kazi kwake mwaka mmoja tu, pale Malaba, nikiwa msichana mwenye mtoto mgongoni. Nilikotoka na yaliyosemwa kwetu juu ya mtoto huyo sitayaeleza. Wengi waliosema wamekufa, na mimi sina haja ya kuwafufua. Jina halisi la Mama Studio lilikuwa Amoit, Mteso, mjane, na studio yake ilikuwa nyuma ya barabara ya malori, imebanwa kati ya loji ya madereva na fundi wa kuziba pancha. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa ziwa na bata weupe, kiti cha mbao, kioo, kitana, na tai za kuazima. Nyuma kulikuwa na kijichumba cha giza cha kuoshea filamu, kisha chumba cha kupikia. Enzi hizo picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mtu hakupigwa picha kwa mchezo. Madereva waliokwama kwenye foleni ya forodha walikuja kupigwa za kutuma nyumbani, watoto wa kipaimara waliletwa kutoka Amukura wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, na maharusi walifika na vumbi ambalo lilikuwa kazi yangu kulipangusa. Kazi yangu nyingine ilikuwa kushika watoto. Mtoto mchanga hatulii kwenye kiti, na mama yake akisimama kando anamgeukia yeye. Kwa hiyo mimi nilichuchumaa nyuma ya kiti, nikajifunika shuka nyeusi, nikapitisha mkono na kumshika kiunoni. Wakati wa kuchapa, Mama Studio aliuficha mkono wangu kwa kipande cha kadibodi. Mara nyingine kidole kilisalia. Naamini mpaka leo kuna nyumba huku Teso zenye picha ya mtu mzima fulani akiwa mchanga, na ubavuni mwake kuna kidole changu.

Ninachokikumbuka zaidi ni chumba cha kupikia. Tulikula hapo mchana, ugali wa wimbi na mihogo, na kunde alizozitia njugu za kusaga kwa mkono usio na uchoyo, Nafula wangu akitambaa chini akiokota makombo. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mabati, na ng'ambo yake ndiyo loji, hivyo tuliyala mazungumzo ya madereva pamoja na chakula: nani kakamatwa na mzigo, nani kaoa Kampala na mkewe wa Nakuru hajui. Ukuta wa pili ulikuwa wa udongo, nao ulijaa picha zilizokataliwa. Mteja akiikataa picha yake, Mama Studio hakubishana. Alimpiga nyingine, akaikata na kuitupa negativu mbovu, na ile iliyokwisha kuchapwa akaibandika juu ya jiko kwa uji wa unga. Kulikuwa na bibi harusi aliyepiga chafya, shela imemruka. Kulikuwa na dereva aliyekatwa kichwa na ukingo wa picha, ikabaki mikono yake miwili imeshika kofia kama mtu anayeomba radhi. Kulikuwa na mzee wa kanisa aliyepigwa juu ya filamu iliyokwisha kutumika, lori likampita kifuani. Mwanzoni nilidhani ni ubahili wa karatasi, baadaye nikadhani mama ana wazimu kidogo. Siku moja nikamuuliza kwa nini anaweka takataka mahali pa chakula. Alitafuna kwanza, akameza, ndipo akaniambia nimwangalie yule bibi harusi vizuri.

"Ile ingine alienda nayo amekaa kama sanduku," alisema. "Hii ndio yeye. Hii imeharibika vizuri."

Tangu siku hiyo nilianza kula nikitazama ukuta. Alinifundisha bila kunifundisha. Alikuwa akinyoosha kijiko na kuniuliza naona nini, na nikisema naona doa la mwanga, ananiambia nitazame tena, mpaka nione kwamba lile doa limemwangukia yule msichana wa kipaimara begani kama mkono wa mtu. Lakini wateja hakuwauzia hizo, na nilipomuuliza sababu alinijibu kama anayemweleza mtoto. Picha safi, alisema, ni ya kuonyesha watu wasiokujua. Ile iliyoharibika ni ya mtu anayekupenda, kwa sababu huyo hahitaji kuambiwa wewe ni nani. Siku hizi nikiwaona wanangu wakipiga picha kumi za sahani moja ya chipsi na kufuta tisa, natamani kuwaambia wanipe zile tisa. Nimekwisha kuwaambia, kwa kweli. Wananicheka.

Baba yake Nafula alikuwa dereva, Waiswa, mtu wa upande wa Iganga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga wa mama yake, na nimeishi vya kutosha kujua kwamba hilo laweza kumuumiza mwanamke kuliko ubaya. Aliniahidi kunipeleka kwao, kisha safari zake zikawa za Kigali, kisha zikawa ndefu. Habari niliyohitaji niliipata kupitia mabati ya loji, nikiwa na tonge mkononi. Mwenzake mmoja alikuwa akisimulia kwamba mama yake Waiswa ameapa hakuna mwanamke wa mpakani atakayeingia boma lake na mtoto wa kuokota, ila kama ni damu yao, basi iletwe picha kwanza, yeye na wazee watazame wajue. Sikuudhika. Nilifurahi hata nikashindwa kula. Mbele ya sikio la kushoto Waiswa alikuwa na kitundu kidogo, kama kilichotobolewa kwa sindano, na aliwahi kuniambia marehemu baba yake alikuwa nacho, na babu yake pia. Nafula alizaliwa nacho. Nilimshukuru Mungu kwa kitundu kile kuliko nilivyomshukuru kwa macho yake. Mtoto huku kwetu anahitaji watu wa kumpa jina na mahali pa kusimama, na mimi nilikuwa na picha moja tu kati ya mwanangu na hayo yote.

Basi tukaanza kumpiga. Siku zisizo na wateja Mama Studio alinipa gauni la kuazima la mtoto, tukamkalisha, nikaingia chini ya shuka. Watoto wa watu niliwashika wakatulia. Wangu hakutulia hata mara moja. Alinijua. Alijua harufu yangu na mkono wangu, na hakuelewa kwa nini mama yake amegeuka kitambaa. Kila kamera ilipolia alikuwa amekwisha kugeuka kunitafuta. Moja kati ya zile zilizoharibika naiona mpaka leo nikifumba macho. Uso wake umevurugika kama moshi, mdomo haujulikani kama unacheka au unalia, sikio la kushoto peke yake ndilo limetulia, na chini yake mkono wangu wote, mpaka kiwiko. Niliiona nikakata tamaa, nikasema itupwe. Mama Studio aliipeleka jikoni akaibandika kando ya bibi harusi, nami nikanuna siku nzima, maana sikutaka mwanangu awe miongoni mwa vilema wa ukutani.

Safi tuliipata alasiri moja ambayo Nafula alikuwa mzito wa usingizi. Alikaa kwenye kiti akaitazama kamera moja kwa moja, mikono mapajani, kama mtu mzima aliyeitwa ofisini. Nilishangilia chini ya shuka. Sikujiuliza kwa nini mtoto asiyetulia ametulia. Pengine homa ilikuwa imeshaanza kumnyemelea. Dereva mmoja, Hamisi, rafiki yake Waiswa, alikubali kuipeleka picha. Nilimfuata kando ya lori lake, nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa aibu, kwamba akifika awaambie wazee watazame sikio la kushoto. Kisha nikampeleka mtoto kulala. Asubuhi foleni ilifunguka ghafla, Hamisi akapita studio akapewa picha ya Nafula kwenye bahasha, akavuka. Nilipofika nilikuta mafuta tu pale lori lilipokuwa. Mama Studio alikuwa na furaha, anaimba wimbo wa kanisani kwa Kiteso, akaniambia niwe na amani, ile picha hata gavana wa benki angetundika sebuleni. Mimi mwenyewe sikuiona.

Hamisi alirudi baada ya wiki kadhaa. Hakuingia; alisimama mlangoni akaanza kuzungumzia barabara, mvua, daraja lililobomoka, nikajua. Nilimwambia aseme. Akasema wazee waliitwa, mama akaichukua picha akaitoa nje kwenye jua, wakaitazama kwa zamu. Mtoto ni mzuri sana, walisema. Lakini sikio lake ni laini kama yai, na msichana aliyewatumia maneno kuhusu sikio ni mwongo, tena mwongo asiye na haya. Niligeuka kumtazama Mama Studio ili tushangae pamoja. Hakuwa anashangaa. Alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha wateja, uso wake umekuwa wa jivu.

"Ilikuwa kitu ya kuzaliwa?" aliniuliza. "Mimi nilidhani ni doa ya filamu."

Wapiga picha wa enzi hizo, kabla ya kuchapa picha ya heshima, walichonga penseli ikawa kali kama mwiba, wakapita juu ya negativu na kuziba kila kidoa cheusi cha ngozi: chunusi, kovu la tetekuwanga, alama ya kuumwa na mbu. Alikuwa akiwafanyia wateja wote, nami nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi. Mwanangu alimfanyia zaidi.

"Yako nilitengeneza kushinda zote, Nekesa," alisema. "Nilikesha nayo kwa taa mpaka macho ikauma. Nilitaka wakimwona wasipate kitu ya kusema."

Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama, naye akayapokea yote. Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria jambo hili na bado linanichoma mahali pale pale. Mtu aliyenifundisha kupenda doa ndiye aliyeliziba la mwanangu, na alifanya hivyo kwa kunipenda. Angekuwa amenichukia kidogo, au angekuwa mvivu siku hiyo, Nafula angepata watu. Sijui mtu afanye nini na ukweli kama huo. Mimi niliutunza tu.

Alijaribu kurekebisha. Aliifuta ile penseli kwa pamba yenye spiriti, akafuta kwa pupa na mikono yenye hofu, negativu ikakwaruzika hapo hapo pa sikio. Kumpiga Nafula picha nyingine hakukuwezekana tena, kwa kuwa siku zile homa ilikuwa imempanda, anatapika hata maji, nami nilikuwa nikijiandaa kumpeleka hospitali. Ndipo Mama Studio akaingia jikoni. Nilimsikia akikwangua ukuta kwa kisu. Alitoka na ile picha ya moshi, kona yake moja imebaki kwenye udongo, akaiweka kwenye Biblia yake, akavaa viatu vya Jumapili na kufunga mlango wa studio ambao sikuwahi kuuona ukifungwa siku ya kazi. Hakusema anakwenda wapi. Alimgusa Nafula shavuni, akatembea kuelekea mpakani kupita katikati ya malori.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sitajaribu kumfanya mwingine aujue. Wodi ilikuwa na dirisha lililotazama jiko la hospitali, na harufu ya maharagwe iliingia humo kutwa. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa akinihadithia mahindi yake, kwa wema, ili nisifikiri. Nafula alikufa mchana, watu wakigawiwa chakula. Mkono wangu ulikuwa kiunoni mwake. Yule mama aliacha kuzungumzia mahindi katikati ya sentensi, akasimama, akaja kunifunga leso kiunoni kama wanavyofungwa waliofiwa.

Nilikuwa nimeketi nje ya chumba changu Malaba na wanawake wa loji, mtoto amelazwa ndani, walipotokea. Mama Studio alikuwa mbele, amechakaa kwa safari. Nyuma yake alikuja mwanamke mrefu mwenye gomesi ya maua, lile vazi refu la akina mama wa Uganda, kuku chini ya kwapa na gauni dogo jipya limekunjwa mkononi. Alituona jinsi tulivyokaa chini, akasimama. Alimkabidhi kuku mtu aliyekuwa karibu, bila kumtazama, na kuuliza kwa lugha yao mtoto yuko wapi. Wanawake waliutazama mlango, naye akaingia mwenyewe. Nilimfuata. Alipiga magoti, akafunua kitambaa, akapitisha kidole taratibu mbele ya sikio la kushoto mpaka kilipokutana na kile kitundu, akakiacha hapo.

"Wa kwetu," alisema. "Bambi, maskini mtoto. Huyu ni wa kwetu kabisa."

Baadaye, kwa Kiswahili cha kubahatisha, mama yake Waiswa alinieleza kwamba ile picha ya kwanza ilimwonyesha mtoto mzuri asiyemjua. Ile ya pili haikumwonyesha mtoto, ilimwonyesha sikio la mumewe, na mkono wa mtu aliyemshika ili asianguke. Alisema aliutazama sana ule mkono. Aliomba abaki na picha hiyo, nami nikampa, kwani nilikuwa nimempata mtu wa kumlilia mwanangu pamoja nami, na sikuwa na kingine cha kumpa. Tulimzika Nafula Adungosi, kwenye shamba la Mama Studio kando ya mihogo, ndugu za marehemu mumewe wakinung'unika na yeye akiwaambia watakaonung'unika wachimbe wakiwa wananung'unika. Kabla ya kushusha udongo yule bibi alimpa jina la ukoo wao, akamwita Naigaga, mara ya kwanza na ya mwisho.

Huku kwetu mtu haendi kaburini bila picha. Jamaa husimama nyuma ya jeneza, wanyooke, watazame mbele, na bibi aliitaka hiyo picha kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa Kigali na mzigo wa watu, hajui lolote. Kabla jeneza halijashushwa, Mama Studio aliichukua kamera. Mwaka wote nilikuwa nimemsikia akiwaambia watu watulie, wainue kidevu, wasifumbe macho. Siku hiyo alituacha tulivyosimama. Aliinua kamera usoni, akaishusha, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akaiinua tena, na mabega yake yakawa yanatikisika. Kamera ililia mara moja tu. Hakuomba turudie.

Picha hiyo hakuileta. Siku zilipita, nikamuuliza, akasema filamu bado. Nikamuuliza tena, akasema dawa ya kuoshea imeisha. Nilikuwa nimeamua kuhamia Busia, sikuweza tena kushika watoto wa watu, na asubuhi niliyokuja kumuaga ndipo alipoitoa kwenye gazeti alilolikunja mara nyingi. Alinipa akiwa ametazama pembeni.

"Hii siwezi kukudanganya ati imeharibika vizuri," alisema. "Imeharibika tu. Mikono ilikataa."

Niliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Jeneza limekuwa mstari mweupe unaoelekea juu, kama kitu kinachoondoka. Bibi hana uso. Mihogo imeingia ndani ya watu. Na katikati nimesimama mimi, mzima, kichwa mpaka miguu, mikono yangu yote miwili juu ya sanduku, na hakuna kadibodi iliyoificha. Mwaka mzima nilijifunika shuka ili mwanangu atoke vizuri. Hiyo ndiyo picha pekee tuliyopigwa pamoja.